Mgeni Hupewa Jembe Siku ya Kwanza

Kampuni zinazokodisha boti kwenye mifereji ya Uingereza huuza uvivu. Vipeperushi vyake havikosi mtu aliyejinyoosha kwenye tezi na kikombe cha chai mkononi, kondoo wakila majani ukingoni, daraja la matofali kwa mbali, na maneno yanayomwahidi mteja kwamba kwa wiki nzima hatakuwa na la kufanya. Ni biashara inayoeleweka: anayelipia likizo ni mtu aliyechoka, na aliyechoka huuziwa kitanda. Ila mteja huyo akishafika gatini na kutia saini makaratasi, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni mkono mzito wa chuma uliopinda, wa kufungulia malango ya maji. Anaonyeshwa pa kupimia oili ya injini, namna ya kukaza grisi inayozuia maji yasipenye kwenye shafti ya rafadha, na kamba ipi ifungwe wapi. Kabla ya jua kuzama ameshasukuma kwa mgongo wake milango ya mbao ambayo winchi ndiyo huiinua inapobadilishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mfereji haungoji hata kesho.

Naamini siri ya likizo hii iko hapo, na kwamba wanaoitangaza kwa jina la uvivu wanaipunja bidhaa yao wenyewe. Mapumziko ya mferejini hutokana na kazi: kazi ndogo, ya mikono, inayoonekana matokeo yake papo hapo, na ambayo haifanyiki bila kushirikiana na mtu mwingine. Tena kazi hiyo hiyo, ikifanywa na watu waliokuja kustarehe, ndiyo iliyoiokoa mifereji isifukiwe na kujengwa maegesho ya magari. Kumbukumbu zilizoandikwa na waliosafiri humo tangu karne ya 19 zinaonyesha mambo yote mawili, ingawa baadhi ya waandishi wake wangenipinga.

Tulitazame lango lenyewe kwa karibu. Ni chumba kirefu cha mawe au matofali kilichojengwa palipo na mteremko, chenye milango mbele na nyuma. Kwenye mifereji myembamba ya katikati ya Uingereza upana wake ni mita mbili na kidogo tu, na urefu kama mita 22. Boti inayopanda huingia kwa chini, milango inafungwa nyuma yake, kisha mtu aliye nchi kavu anapachika ule mkono wa chuma na kuzungusha gurudumu lenye meno hadi kifuniko kilicho chini ya maji kinyanyuke. Maji ya juu yanamiminika ndani kwa kishindo, boti inainuka huku ikigongagonga kuta zenye kuvu, na usawa wa ndani ukishalingana na wa nje, mlango ambao dakika moja kabla watu kumi wasingeuweza unafunguka kwa mtu mmoja aliyeegemea boriti yake. Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti kilichojitokeza ndani ya chumba, na tezi ikikikalia wakati maji yanatoka, omo itazama huku nyuma kukining'inia. Boti huzama hivyo, na sababu ni ile ile kila mara: aliyeshika usukani alikuwa anatazama simu, au aliyeko juu alifungulia maji bila kumtazama mwenzake. Watu wawili walionuniana hawavuki lango. Watalazimika kwanza kusema nani afanye nini, na wakishasema hayo wameanza kuzungumza.

Kuna jirani pia. Kila lango jembamba likitumika, zaidi ya lita 100,000 za maji hushuka kutoka juu kwenda chini na hazirudi zenyewe. Kwa hiyo desturi ni kuchungulia kama kuna boti inayokuja upande wa pili ambayo itaweza kutumia maji yale yale, kuiachia milango wazi, na kwenye malango mapana kungoja mwenzi wa kuingia naye pamoja. Pale Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, malango 29 yamefuatana katika mwendo wa kilomita tatu hivi, 16 kati yake yakiwa yamepangwa mstari mmoja mlimani. Kuyamaliza ni kazi ya sehemu kubwa ya siku, na watu wasiojuana hujikuta wamekuwa kikosi: mmoja anatangulia kuandaa lango linalofuata, mwingine anafunga la nyuma, wenye usukani wanaziingiza boti mbili ubavu kwa ubavu. Jioni wanaachana bila kuulizana majina. Hakuna hoteli iliyobuni namna kama hii ya kuwakutanisha wageni, na nadhani ni kwa sababu hotelini hakuna mwenye haja na mwenzake.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, na tuanze na aliyeshindwa. Robert Louis Stevenson, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Kisiwa Chenye Hazina, alisafiri mwaka 1876 na rafiki yake Walter Simpson, kila mmoja katika mtumbwi wake, kutoka Antwerp nchini Ubelgiji kwa njia ya mifereji na mto Oise hadi Pontoise nchini Ufaransa. Kitabu alichokitoa mwaka 1878, An Inland Voyage, kimejaa husuda kwa wenye boti za mizigo: watu wanaosafiri na nyumba yao, jiko likitoa moshi, wasiojali watafika lini. Yeye mwenyewe Oise iliyofurika ilimsukumia kwenye mti ulioanguka, na nusura roho imtoke. Marafiki hao walipoachana na mitumbwi wakaamua kununua boti la mizigo walipambe na kuishi humo. Walilinunua kweli, wakalipa jina refu la kishairi, wakalikabidhi kwa seremala pale Moret. Likaozea hapo hapo. Halikuvutwa na farasi hata siku moja, na mwishowe seremala, akiwa amekasirika, aliliuza pamoja na mitumbwi yao miwili. Stevenson anayasimulia haya kwa kicheko, na sitaki kumwonea. Alikuwa kijana wa miaka 25, na mwaka ule ule alikutana na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, jambo ambalo lingemsahaulisha yeyote boti. Hata hivyo kisa kinafundisha. Aliupenda mfereji kama mtazamaji. Alichokisifu ni utulivu wa mtu mwingine, na utulivu huo ulimponyoka mara ulipodai kazi ya kwake.

Wa pili ni L. T. C. Rolt, mhandisi aliyefundishwa kazi karakanani, aliyezaliwa mwaka 1910. Mwezi Julai 1939 yeye na mkewe Angela waliondoka mji wa Banbury katika boti ya mbao iliyoitwa Cressy, wakazunguka mifereji ya katikati ya nchi wakati ambapo wengi waliiona kama mitaro ya taka inayongoja kufukiwa. Vita Vikuu vya Pili vilianza wakiwa safarini. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944, na ingawa kilichapishwa kwenye karatasi mbaya za wakati wa vita kiliwafikia watu waliokuwa na njaa ya nchi isiyobomolewa kwa mabomu. Wengi wanakikumbuka kwa maelezo ya mandhari. Mimi naona uzito wake uko kwingine. Rolt haelezi mfereji kwa kuutazama. Anaueleza kwa kuutumia, na kila ukurasa una kifuniko kilichokwama, tope lililokusanyika, fundi wa boti anayechonga ubao, mlinzi wa lango anayejua kila jiwe la eneo lake. Amani anayoisimulia ni ya mtu ambaye mikono yake ina shughuli.

Yaliyofuata ndiyo ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Mwandishi Robert Aickman alikisoma kitabu hicho, akamwandikia Rolt, wakakutana kwenye boti pale Tardebigge, na mwaka 1946 chama cha kutetea mifereji kikazaliwa. Silaha yake ya kwanza ilikuwa safari ya starehe. Huko Lifford, kwenye mfereji wa Stratford, kampuni ya reli ilikuwa imeweka daraja la muda lililoziba njia ya maji. Suala lilipoulizwa katika Baraza la Mabwana, jibu likawa kwamba daraja litainuliwa wakati wowote msafiri akitoa taarifa. Mwaka 1947 Rolt akatoa taarifa. Mafundi wa reli wakaja na majeki, wakaliinua daraja zima kwa ajili ya boti moja ya mtu na mkewe, na Cressy ikapita kwa taabu juu ya matope na takataka. Wengine wakafuata, kila mmoja akidai daraja liinuliwe tena. Haki ya kupita iliyoandikwa kwenye sheria za karne ya 18 ilifufuliwa na watu waliojitia ukaidi wa kuitumia.

Miaka kumi na kidogo baadaye, sehemu ya kusini ya mfereji huo huo ilinusurika kwa kitu kidogo zaidi. Halmashauri ya Warwickshire ilitaka mfereji ufutwe kisheria ili isilazimike kugharamia daraja jipya la barabara, ikisema hakuna chombo kilichopita humo kwa miaka mitatu. Watetezi wakatoa tiketi ya ushuru iliyokatwa kwa ajili ya mtumbwi. Kikaratasi hicho kiliivunja hoja nzima. Kisha ikaja kazi yenyewe ya kuufukua: chini ya msanifu majengo David Hutchings, kwa mikono ya wanajeshi, wafungwa wa gereza la Birmingham na raia wa kujitolea waliokuja mwishoni mwa juma na mabuti yao, malango yaliyoanguka yalijengwa upya na tope likachotwa. Mama yake Malkia Elizabeth II aliufungua Julai 1964. Mtindo ulioanzia hapo ukaenea. Mfereji wa Kennet na Avon, wenye ngazi ile ya Caen Hill, ambayo ilikuwa imeota majani na kupasuka, ulifunguliwa tena mwaka 1990. Raia hao waliochimba hawakuwa watumishi wa mifereji. Walikuwa makarani, walimu na mafundi waliotumia likizo yao kuchimba ili likizo za baadaye ziwe na maji.

Msomaji makini atasema kwamba ushahidi wa kumbukumbu una kasoro: aliyechukia safari haandiki kitabu. Ni kweli, na mfano mzuri ni wanawake wa wakati wa vita. Wanaume walipoitwa jeshini, wasichana, wengi wao wa familia zenye nacho, walichukuliwa kuendesha boti za mizigo mbili mbili kwenye mfereji mkuu kati ya London na Birmingham, wakipeleka chuma na kurudi na makaa ya mawe kutoka Coventry, shehena ya tani 50 hivi kwa kila jozi. Watu wakawabandika jina la utani la wanawake wavivu, kejeli ambayo Susan Woolfitt aliichukua kuwa jina la kitabu chake cha 1947. Mwaka uliofuata Emma Smith akatoa Maidens' Trip. Vitabu vyote viwili vina furaha tele, wakati ukweli ni kwamba wengi waliojaribu kazi hiyo waliiacha mapema, wakiwa wamelowa, hawana usingizi na masizi yamewaganda. Wao hawakuandika kitu. Nakubali. Lakini tazama furaha hiyo ilianzia wapi kwa waliobaki. Haikuanza walipozoea mandhari. Ilianza siku walipoingiza boti mbili langoni bila kugonga, na wenyeji wa mfereji, waliokuwa wakiwacheka, wakawapa salamu. Na kama ushahidi wa vitabu unatiliwa shaka, kuna ule wa maji yenyewe. Taasisi iliyokabidhiwa mifereji ya Uingereza na Wales mwaka 2012 inatunza njia za maji za kilomita 3,200 hivi, na boti zilizosajiliwa humo zinazidi 30,000, idadi inayotajwa kuwa kubwa kuliko ya enzi za mapinduzi ya viwanda.

Wengine watasema nimeyakuza mambo, kwamba watu hufuata mandhari na kazi ni bughudha wanayoivumilia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama boti zingejaa mashambani tu. Lakini zipo Birmingham, nyuma ya viwanda na chini ya barabara za magari, na zipo Stoke-on-Trent, ambako Josiah Wedgwood alipigania mfereji wa Trent na Mersey, uliokamilika mwaka 1777, ili vyombo vyake vya udongo visivunjikie kwenye mikokoteni. Watu hupita kwa hiari kwenye handaki la Harecastle, zaidi ya kilomita mbili na nusu za giza na matone, ambako katika handaki la kwanza mabaharia walilala chali na kuisukuma boti kwa kukanyaga kuta kwa miguu. Hakuna mandhari humo. Na palipo na mandhari ya kustaajabisha, mara nyingi ni kazi ya mtu: daraja la maji la Pontcysyllte huko Wales, la William Jessop na Thomas Telford, lililofunguliwa mwaka 1805, hubeba boti ndani ya bakuli refu la chuma mita 38 juu ya mto Dee, na upande mmoja hauna hata ukuta wa kushika. Anayesimama kwenye usukani pale hatazami bonde kama picha. Anaangalia boti yake.

Ufaransa inatoa jaribio kali zaidi. Mfereji wa Midi, ulioanzishwa mwaka 1666 na mtoza kodi ya chumvi Pierre-Paul Riquet na kufunguliwa mwaka 1681, miezi michache baada ya kifo chake, una urefu wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi pwani ya Mediterania. Sifa yake kubwa kwa watalii ilikuwa kivuli cha mikuyu ya Ulaya, miti 42,000 iliyopandwa kushikilia kingo na kupunguza maji yanayopotea kwa jua. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu unaodhaniwa kuwa uliingia nchini na masanduku ya risasi ya wanajeshi wa Marekani wakati wa vita umekuwa ukiiua, na makumi ya maelfu imekatwa na kuchomwa. Kuna vipande virefu ambavyo leo ni jua kali na miche. Boti bado zinapita. Malango ya Riquet yenye umbo la yai bado yanafanya kazi, na ngazi ya Fonserannes karibu na Béziers bado inakusanya watazamaji wanaokuja kuona manahodha wa wiki moja wakihangaika na kamba. Nakiri kwamba huko kazi ni nyepesi kuliko Uingereza: malango mengi yana umeme na mlinzi wake, na abiria anabaki na kamba tu. Badala yake kuna amri nyingine, ile ya mlinzi kufunga lango akale chakula cha mchana. Hakuna mwenye cheo anayeweza kuharakisha mlo huo, na waliokwama wanashuka kutafuta mkate kijijini.

Hata mwendo wa taratibu, ambao ndio neno kuu la matangazo, hauko vile unavyotangazwa. Sheria inaweka kikomo cha maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na kidogo, kwa sababu boti ikikimbia huvuta wimbi linalomomonyoa kingo na kuharibu tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokandwa ambalo James Brindley na wenzake waliliweka ili maji yasivuje. Ukipita boti zilizofungwa, unapunguza zaidi, la sivyo chai ya watu itamwagika na utasikia maneno. Kwa hiyo methali zetu za kusifu upole wa mwendo hazihitajiki hapa; mtu haendi polepole kwa sababu amepata hekima, anaenda polepole kwa sababu kuna jirani na kuna ukingo. Na huo ndio uponyaji wake kwa mtu wa mjini. Anayeamua mwenyewe kutulia anaweza kubadili nia baada ya robo saa. Huyu hana hiari.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu waliokuwa wakifanya kazi hii kwa lazima. Reli zilipoanza kushindana na mifereji, nauli za mizigo zilishuka hadi mwenye boti hakuweza kulipa vibarua na kodi ya nyumba, akahamishia familia nzima kwenye chumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu na upana wa mbili. Watoto walizaliwa humo, wakaongoza farasi wakiwa wadogo, na wengi hawakusoma. Kelele za George Smith wa Coalville ndizo zilizoleta sheria za 1877 na 1884 za kusajili na kukagua boti hizo. Maua ya waridi na ngome zilizochorwa kwenye milango na madumu ya maji, ambayo leo kampuni za kukodisha huyaiga kwa urembo, yalipamba boti za watu waliokuwa na mlango mmoja wa kujivunia. Je, si fedheha kufanya mchezo wa taabu ya wengine? Ingekuwa fedheha kama tungesema kazi ile iliwafurahisha kwa sababu inatufurahisha sisi. Kazi ya mtalii huisha Jumamosi na ana kwao pa kurudi. Hilo haliwezi kupambwa kwa maneno. Ila sioni kwamba heshima ingeongezeka kwa kupita mle ukiwa umelala. Mtu ambaye amezungusha ule mkono wa chuma kwenye malango 20 chini ya mvua anajua jambo dogo kuhusu wale watoto ambalo jumba la makumbusho haliwezi kumpa, na walau hatasema tena kwamba maisha yao yalikuwa ya raha.

Swali la hoteli zinazoelea nitalimaliza upesi. Huko Burgundy kuna maboti ya zamani ya mizigo yaliyotiwa vitanda vipana, mpishi na mvinyo, ambamo abiria haguswi na kamba. Yana faida kwa wazee na wagonjwa, na sina ugomvi na mpishi mzuri. Lakini hiyo ni likizo ya hoteli ambayo dirisha lake linasogea, na mtu hatajua kwa hiyo kama anaupenda mfereji au anapenda kuhudumiwa. Hata kwenye boti ya kujiendeshea, mwenye goti bovu ana usukani, ramani na birika.

Kuna lawama moja ambayo Rolt mwenyewe aliileta, nayo haijibiki kwa urahisi. Aickman alitaka kila njia ya maji iokolewe kwa matumizi yote, starehe ikiwa mbele. Rolt alitaka kwanza kuwaokoa watu wa boti za mizigo na maisha yao, na aliona umati wa wapenda likizo ungeuchukua mfereji na kuutupa utamaduni uliouumba. Ugomvi wao uliishia kwa Rolt kufukuzwa mwaka 1951 kwenye chama alichokianzisha. Aliiacha Cressy, akaenda kusaidia reli ndogo ya Talyllyn huko Wales, ya kwanza duniani kuendeshwa na wapenzi wa kujitolea, jambo linaloonyesha kwamba somo la mikono alikuwa nalo bado. Kuhusu mizigo, historia haikumpa nafasi. Malori yalikuwa yameshaichukua, barabara ya M1 ilifunguliwa mwaka 1959, na barafu ya majira ya baridi ya 1962 na 1963 ilizifunga boti kwa wiki nyingi hadi wateja waliobaki wakaondoka. Watalii hawakuwafukuza wachukuzi. Walikuta nyumba inabaki tupu. Ila alichokiogopa Rolt kingalipo kwa sura nyingine. Leo maelfu huishi kwenye boti kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda, na wasio na gati la kudumu hutakiwa kuhama kila baada ya siku 14. Mwenye likizo na mwenye makazi wanagombania ukingo mmoja, na mara nyingi malalamiko ya wa kwanza husikika zaidi. Serikali nayo imetangaza kwamba ruzuku ya mifereji kwa miaka ya 2027 hadi 2037 itakuwa pauni milioni 400, ikipungua kila mwaka, na kiangazi cha 2025 ukame ulifunga malango sehemu nyingi. Mkazi na mgeni watalazimika kudai pamoja kama walivyodai wenye mitumbwi.

Mabishano ya Rolt na Aickman yana mlango wake hata kwetu, kwenye Ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, mji wa Ujerumani uliojengwa kando ya mifereji, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba watu na mizigo kwa vizazi. Watalii walioipanda walilala karibu na magunia ya dagaa na marundo ya mananasi, na usiku waliamshwa na mitumbwi ya vijijini iliyoizingira meli kushusha na kupandisha abiria mahali pasipo na gati. Katika miaka ya karibuni ilisimama kwa ukarabati, na kuna waliopendekeza igeuzwe kuwa ya watalii peke yao, yenye vyumba safi na ratiba ya kutazama mandhari. Pendekezo hilo lingewaacha abiria wa Kasanga na mizigo yao watafute chombo kingine, na kwa mgeni lingeondoa kitu pekee ambacho hawezi kukipata kwenye meli za starehe za Mediterania, kuwa abiria miongoni mwa abiria. Hapo niko upande wa Rolt, maana Liemba, tofauti na mifereji ya Uingereza ya 1951, bado ina mizigo inayoisubiri bandarini.